Kabichi Nilizoziunguza Mwenyewe

Nyumbani, nyuma ya kinu cha nafaka,
Alhamisi, 12 Machi

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku Mungu anatushika. Mama anakula vizuri, ila goti linamsumbua asubuhi.

Kaka, nina neno, na kuliandika naona haya.

Zile mbegu ulizonitumia za marejea, mimea ya kurutubisha udongo, nilizipanda. Yalipochanua maua ya njano nikayafyeka na kuyafukia, kama ulivyonielekeza. Ulisema nisubiri wiki mbili ndipo nipande kabichi, na mbolea ya urea nitie nusu ya niliyozoea, maana majani yakishaoza yanalisha udongo. Nusu nikaiona kiduchu. Kabichi zilipopauka kidogo nikaingiwa na hofu, nikatia urea yote, tena karibu na shina, jua la saa saba, udongo mkavu. Siku ya tatu zilikuwa zimeungua kama zimepitiwa na pasi.

Hilo ni la ujinga. La dhambi ni hili: kina mama wa kikundi chetu cha sala walipokuja kutazama, nikasema yameniponza majani ya kaka. Wakacheka, eti kaka yako analima kwa barua. Nami nikacheka nao.

Jirani yetu, Mama Mapacha, hakucheka. Naye alikuwa amepanda marejea, yamefika kiunoni, bado wiki tu yachanue. Kesho yake akayang'oa yote akawapa mbuzi, kwa kuwa aliyesema ni mimi, mwongoza sala.

Jumapili nilipoitwa kuomba, nikamwachia mwenzangu. Nikaenda kwa Mama Mapacha nikamweleza yote, na jinsi nilivyokusingizia. Akaendelea kupepeta maharage yake, kisha akasema: "Shoga, mimi sikuamini majani. Nilikuamini wewe."

Wenzetu nao nimewaambia, mlango kwa mlango. Uongo niliusema mara moja tu, ila kuufuta kumenichukua siku mbili. Mbegu zilizobaki nimempa Mama Mapacha, na jembe nimeshika mimi kumtayarishia shamba.

Nisamehe, Kaka. Nililichafua jina lako ili langu libaki safi.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Mama anakuombea kila alfajiri. Mama Mapacha naye anakusalimu. Amesema marejea atapanda tena, ila siku ya kutia urea mimi nisikanyage shambani kwake.

Mungu akufunike kwa rehema zake.

Nikupendaye, ingawa uso nimeuinamisha,
Dada yako mdogo