Kaburi Nililolizua

Ijumaa, baada ya Alasiri. Joto la kungoja mvua. Mawingu yamejaa upande wa Msimbati tangu asubuhi na hata tone halijaanguka. Miguu yangu ina vumbi la njia ya hospitali na sijanawa.

Leo mchana, baada ya sala, watu wamesoma dua kwenye kaburi lisilo na maiti. Nilikuwepo. Nilijitanda kanga vizuri nikaitikia "Amina" pamoja na wenzangu. Kaburi hilo nimelizua mimi.

Haya, nimeliandika. Sasa nianze mwanzo, labda kichwa kitatulia.

Tangu bandari ianze, mji wetu unakua kuliko macho yanavyoweza kuuzoea. Ukilala pana mikorosho, ukiamka pana ghala. Ndipo Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, akatangaza kwamba kuna eneo moja litaachwa wazi, kuanzia ukingo wa mashamba hadi ufukweni. Halitajengwa, halitalimwa wala halitauzwa. Litakuwa la watu wote, la kutembea, kupumzika na kupunga upepo. Nililipenda jambo lile, na bado nalipenda. Kilichobaki kilikuwa kuchagua mahali njia itakapoanzia, pa kuegesha baiskeli na malori, pa kuweka mtungi wa maji, pa kusimika kibao.

Tukateuliwa kamati ya watu watano. Jumbe, ambaye ni mtu wa Mikindani. Maalim wa chuo cha Kurani. Yohana, mpimaji aliyeletwa na kazi za bandari kutoka bara. Mwenye duka mmoja ambaye kila akikaa husinzia. Na mimi, kwa kuwa nafundisha wasichana na naandika haraka. Jumbe alisema akicheka, "Mwanamke mmoja atatosha, mkizidi hatutamaliza."

Hapana hata mmoja wetu aliyezaliwa katika vijiji vya Wamakonde vinavyopakana na eneo lile. Hata mimi wananihesabu mtu wa Mikindani, kwa baba. Hakuna aliyewahi kuuliza mama yangu alitoka wapi.

Mama alitoka palepale. Nilipovunja ungo alinirudisha kwao, nikachezwa unyago chini ya mti mmoja wa msolo ulio ukingoni mwa mashamba. Niliyoyaona na kufundishwa pale niliapa kutomwambia mwanamume wala mwanamke asiyechezwa. Hata wewe daftari sikwambii, maana sijui nani atakufungua nikishakufa.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita kamati ilikwenda kuangalia. Tulianzia kisimani. Yohana akasema mvua zikija pale patakuwa tope tupu. Tukaenda nyuma ya soko, nzi wakatufukuza. Halafu tukafika kwenye msolo. Yohana akanyoosha mikono kama mtu aliyefika kwao.

"Hapa! Kivuli, upepo, barabara i karibu. Tena tazameni, ardhi imejifagia yenyewe."

Ardhi haijifagii. Pale palifagiliwa na Somo wangu wa unyago, Binti Nandonde, yeye na wanawake wenzake, kwa ajili ya wali, wasichana watakaochezwa mwaka huu. Mmoja wa wali hao ni binti yangu, Mwanahamisi.

Wanaume wa vijiji vile hupita mbali na mti ule na hawaulizi. Angekuwemo mmoja wao katika kamati, angesema tu "hapa hapafai", akatazama pembeni, na mambo yangeishia hapo. Hakuwemo. Yohana alikwisha kusimamisha kigingi na nyundo ilikuwa juu.

"Hapo pana kaburi," nikasema.

Nyundo ikasimama. Maalim akanigeukia kwa upole. "La nani, Mwalimu?"

Ningeweza kusema sijui. Wallahi ningeweza. Lakini ulimi hauna mfupa. Nikasema ni la sharifu mmoja aliyefia safarini zamani, nilihadithiwa na bibi yangu. Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kumjua sharifu yeyote.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Watu wa pwani tunaheshimu makaburi, hivyo kigingi kitahamishiwa kisimani, siri itabaki siri na kiapo changu kitakuwa salama. Na kweli kigingi kilihamishwa siku ileile. Nililala usingizi mzuri, nikajisifu kwa akili.

Akili gani? Mimi niliyekulia kwenye ziara na maulidi nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa alifu kwa kijiti analijua. Kaburi la mtu wa kawaida huachwa lipumzike. La sharifu hufuatwa.

Siku tatu baadaye Maalim alikwenda na watu wake kufyeka. Chini ya msolo wakakuta mawe matatu. Ni mafiga. Hilo naweza kuliandika, kwa sababu kila mwanamke ana mafiga na hakuna siri katika kupika. Wao wakaona mashahidi, mawe ya kutia alama kaburi. Moja likawa la kichwani, moja la miguuni, na la tatu wakalitafutia maana wakaipata. Wakayapaka chokaa. Mwenye duka akaamka usingizini akatoa simenti, yakajengewa yasitikisike. Ikapandishwa bendera nyeupe, kikaletwa chetezo cha ubani.

Jumatatu kamati ikaitwa tena. Jumbe alisema njia ianzie palepale kaburini, ili kila anayekwenda kutembea aanze na baraka. Wote wakaafiki. Maalim akanishukuru mbele ya watu kwa kuufichua urithi wetu. Niliuandika uamuzi ule kwa mkono wangu, na herufi zilitoka nzuri sana.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee. Yangu imepata na kibao.

Kesho asubuhi tunakutana mara ya mwisho kutia sahihi.

Jana nilikwenda kwa Somo. Nilijiandaa njia nzima. Ningemwambia kwamba sikufungua mdomo juu ya unyago, kwamba kiapo nimekishika, kwamba nilifanya haya yote kwa ajili yao. Nilimkuta uani anamenya mihogo. Hakuniambia nikae. Aliniacha niseme hadi maneno yakaniishia, kisu chake kinakwenda tu.

"Siri umeitunza," akasema. "Nti wetu umewapa."

Akachukua muhogo mwingine.

"Sisi tutahama, misolo ipo. Mafiga yangu nayataka. Alipikia mama yangu yale, na mama yake kabla yake. Nani kakwambia mimi nampa ntu mafiga yangu alazwe nayo?"

Nikamwambia kwamba yameshikwa na simenti.

"Aliyeyatia ndiye atakayeyatoa, Mwalimu." Akautupa muhogo kwenye beseni la maji, nikajua nimeruhusiwa kwenda.

Toka nichezwe, Somo hajawahi kuniita kwa jina wala kwa kazi yangu. Huniita "mwali wangu", hata mbele ya wanafunzi wangu, hata nikiona haya. Jana kaniita Mwalimu. Nililia njia nzima na sikujali nani ananiona.

Laiti yangekuwa hayo tu.

Siku moja kabla, Jumatano, alikuwa amefika mlangoni kwangu mwanamke kutoka Kitaya, kule mtoni, jina lake Fatu, na mtoto wa kiume mgongoni. Habari za kaburi zimebebwa hadi mtoni na vibarua wanaorudi makwao kutoka bandarini. Aliambiwa atafute nyumba ya Mwalimu, kwa kuwa Mwalimu ndiye aliyelionyesha. Mtoto kifua kinamkoroma, pua zinatanuka akivuta pumzi. Mama mkwe kamwagiza akae siku tatu kaburini, amwombee, kisha arudi.

Nilimwambia tangu siku ile kwamba hospitali si mbali.

"Kaburini nimeagizwa, dada," akasema. "Hospitali sikuagizwa."

Jana asubuhi alikwenda, leo asubuhi alikwenda. Amelala chumbani kwangu, na ile sauti ya kifua nimeisikiliza alfajiri zote mbili huku najiambia kwamba si mimi niliyemtuma. Nani basi aliyemtuma?

Leo baada ya dua watu walikaa kula pilau. Wanaume mbele, wanawake nyuma. Fatu alikaa karibu kabisa na yale mawe, mtoto mapajani, anampepea kwa ncha ya kanga. Bendera mpya juu yake. Nikatazama, nikalirudisha tonge sahanini. Nikamwita pembeni, nyuma ya mikorosho.

Nikamwambia, "Pale hapana mtu. Nimedanganya mimi. Mchukue mtoto twende hospitali." Sababu sikuitaja. Nilingoja apige kelele, watu wageuke, mambo yaishe.

Alimpandisha mtoto mgongoni, akafunga kanga taratibu.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mimi nimechezwa, dada. Chokaa inaficha masizi kwa mbali tu. Nilipoyaona yale mawe matatu nikajua nimekaa wapi. Nikasema moyoni, huyu Mwalimu wa mjini, maskini, hajui alichowaonyesha. Sasa nitamwambiaje, nami nimeapa?"

Alinihurumia. Siku mbili amelala chumbani kwangu, mtoto wake anakoroma, na yeye ananihurumia mimi.

Niligeuka nikawatazama wanawake waliokaa nyuma. Wengi ni wa vile vijiji. Ninawajua, nimefundisha binti zao. Wote wameinamisha vichwa kama wakati wa dua, kanga zimefunika hadi kwenye nyusi. Nilidhani ni ucha Mungu. Kumbe hakuna hata mmoja asiyejua. Dua nzima waliitikia Amina mbele ya mafiga yao, na hakuna atakayesema neno, si leo wala siku kibao kitakaposimikwa. Somo wangu alikuwa mstari wa mwisho. Wenzake walipoinua mikono alikuwa anayatazama mawe.

Wiki nzima nimejihurumia kwamba mzigo huu nabeba peke yangu. Sijui kwa nini kujua kwamba wameubeba wote kumenifanya niuone mzito zaidi.

"Basi twende," Fatu akasema. "Siku tatu hazijaisha, lakini nikiulizwa nyumbani nitasema mwenye kaburi kanipa ruhusa."

Nilicheka. Ndicho kicheko changu cha kwanza tangu Jumatatu, na nilikionea aibu papo hapo.

Hospitali walimsikiliza mtoto kifua wakamlaza. Mganga wa pale alisema mtoto huyu angeletwa tangu siku alipofika mjini. Alikuwa anamwambia Fatu, ila aliyestahili kuambiwa ni mimi. Fatu amebaki naye. Hawajasema atapona wala hatapona.

Sasa nimekaa hapa. Mwanahamisi ameniletea chai, imepoa. Ameniuliza kwa nini siendi kunawa miguu. Mwezi ujao atachukuliwa na Somo, na atapelekwa mahali nisipopajua, kwa kuwa nilipopajua nimepatoa.

Nikinyamaza kesho, kila kitu kitakuwa kizuri. Njia itafunguliwa, watu watatembea hadi mikokoni na watoto wao, nami nitasifiwa. Na kina Fatu wengine watapanda kutoka Kitaya na Kilambo, watabisha mlangoni kwangu na watoto wanaokoroma.

Nikisema, Maalim atafedheheka mbele ya waumini wake, naye hajanitendea ila wema. Hilo linaniuma kuliko yote. Jumbe ataapa kwamba hata huyo mwanamke mmoja alikuwa amezidi. Shule inaweza kunikataa. Nani atampa mwongo watoto afundishe? Ningekuwa mzazi, nisingempa.

Na bado nimekwisha kuazima nyundo na patasi kwa jirani fundi. Zipo hapa mezani, juu ya madaftari ya wanafunzi.

Kesho nitavaa buibui langu, niende mapema, nianze na Maalim faraghani, asisikie mbele za watu. Kisha nitaiambia kamati kwamba sharifu hayupo, hakuwahi kuwepo, nilimzua mimi kwa kinywa changu. Nitaomba njia ianzie kisimani, na tope lake, tutaweka changarawe. Nitaomba ruhusa ya kuyang'oa mawe matatu.

Watauliza, kama si kaburi, pale pana nini? Na kwa nini ulidanganya, Mwalimu? Wataniuliza kwa ukali, kisha kwa upole, na upole wa Maalim ndio ninaouogopa.

Hapo nitanyamaza. Waniite mwongo, waniite mwendawazimu. Safari hii sitawatafutia jibu.