Nani Kayageuza Maua ya Mama

3 Juni

Kitindamimba,

Maua ya bluu ya mama yalipotea mwezi uliopita. Haya, u mzima? Kifua kimepoa? Huku tunaendelea, mama ameshaacha mkongojo, nyonga imepona.

Sasa nieleze. Nilipomchukua mama mwaka jana kuja kutibiwa, tulikuachia nyumba yake na vichaka saba vya haidrenjia kwenye kivuli cha uani, vyote bluu. Picha uliyotuma ina maua ya pinki. Mama kaikodolea macho, kasema, "Haya si yangu." Umeviua, ukanunua vingine. Mimi nilianza maisha na cherehani moja ya kukodi. Wa kunichezea shere kwa picha hajazaliwa.

Dada yako

19 Juni

Shikamoo dada,

Kifua kimetulia, msalimie sana mama. Hukuniuliza, umeshanihukumu. Vichaka ni vilevile, hata kitambaa alichofungia mama lile shina lililovunjika bado kipo. Nami nashangaa. Vitatu vya ukutani vimetoa pinki, cha katikati zambarau, vitatu vya upande wa bomba bado bluu kama sare za shule. Maji yaleyale, kivuli kilekile. Nimevizunguka kama polisi, nikaambulia mbu. Tofauti ni moja tu: mwezi wa Kwanza niliupaka ukuta chokaa, iliyobaki nikaimwaga pale chini. Kwani maua yanakunywa chokaa?

Mdogo wako, mshtakiwa

2 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Yanakunywa. Muuza miche wa jirani kaniambia udongo ukipata chokaa, haidrenjia ya bluu hugeuka pinki, na rangi inaweza kurudi taratibu. Basi, kesi ya kuua nimeifuta. Mama amefurahi, ameanza kufunga mizigo arudi kwake.

Ila kuna hesabu imegoma. Ukuta ule wa nyuma hauonekani hata na jirani. Miaka minane nimekuomba uupake, miaka minane mgongo unakuuma. Mara mwezi wa Kwanza mgongo umepona, na chokaa imenunuliwa mpaka ya kumwaga. Ukuta wa uani hupakwa kwa ajili ya mtu anayekuja kuzungushwa nyumba nzima, chumba kwa chumba, kisha aulize bei.

Mama hana kwingine. Nyumba unaiuza au huiuzi? Usiniandikie habari za mgongo. Nipigie, useme neno moja, kabla ya saa sita mchana Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Saa saba tunapanda basi.

Dada yako