Mwanangu hakuwa anaaga

Shoga, lile neno la wifi limenitesa wiki nzima. Eti mtoto anayekonyeza akinyonya anaaga, hakai duniani. ANAAGA!

Na kweli, akinyonya tu, kope lake moja, lile lililolegea tangu azaliwe, linapanda, linashuka. Akiacha, linatulia. Nikaogopa, nikamnyima ziwa. Nikawa nakamua namnywesha kwa kijiko, nusu inaishia shingoni, analia mpaka sauti inakauka.

Leo daktari ananiuliza, "Mama, mbona amekonda hivi?" Nikamweleza. Akamtia kidole mdomoni anyonye, akalitazama kope likipanda na kushuka.

"Haagi mtu huyu. Mshipa wa fahamu wa taya umeungana na wa kope tangu tumboni. Taya likicheza, kope linacheza. Haumii. Kinachomkondesha ni njaa."

Njaa, shoga! Na mimi blauzi imelowa maziwa! Aibu hiyo niiweke wapi?

Nikampa palepale. Akanikonyeza. Nikalia.

Nimechoka, hata nguvu za kugombana na wifi sina. Ila wewe unajifungua wakati wowote, basi shika haya:

Usimnyime ziwa kwa maneno ya watu.
Usimbandike kitu kopeni eti lisicheze.
Usikose kumpeleka akapimwe macho.
Na wifi yangu akija kumwona mtoto wako, usimuulize kitu.