Baba Yangu Ananipigia Saluti

Mpendwa Shangazi Mwanamkuu, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijapandishwa cheo tena.

Mimi naitwa Nyanchama, ni Mkenya, nalinda mlango wa jumba moja huku Uarabuni, mtaa wa The Pearl, na kulala mtaa wa Al Thumama, na shida yangu ni baba yangu mzazi, Sajini mstaafu Onchiri, aliyetumikia kikosi cha mizinga mpaka nywele zikawa nyeupe, na sasa yuko nyumbani Nyamira na mama yangu Phyllis, anaugua ule ugonjwa wa kusahau, kuoga hataki, dawa hataki, na mama akiingia jikoni anamfukuza akisema ni jasusi. Basi siku moja nikapiga simu ya video nikiwa bado na yunifomu ya kazi, na wewe unajua mabosi wa huku wanavyopenda mapambo, mabegani nina nyuzi za dhahabu kumshinda jenerali, na baba kuniona tu akaruka kutoka kwa kiti akapiga saluti: "Kanali! Sajini Onchiri, niko tayari!" Nilishtuka, lakini nilimwona mama nyuma yake ameshika beseni, machozi yako karibu, na mdomo ukanitoka wenyewe: "Sajini, kaoge!" Akaenda. Alioga, Shangazi, hata nyuma ya masikio.

Tangu hapo mimi ni Kanali. Naamuru uji, naamuru dawa, naamuru soksi, na Hadijah, Mganda tunayelala naye chumba kimoja, anapuliza filimbi yake ya kazini kabla sijaongea ili mambo yaonekane rasmi. Mama naye ameonja utamu wa madaraka, majuzi alininong'oneza nimwamuru baba amwombe msamaha kwa kuuza cherehani yake wakati mimi bado nanyonya, nikaamuru, baba akaomba msamaha amesimama wima, na mama alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta.

Sasa imefika pabaya. Serikali imefungua kliniki ya wanajeshi wa zamani wanaopoteza kumbukumbu, wanapata dawa, muuguzi anakuja nyumbani, na mara kwa mara wazee wanachukuliwa mchana ili walezi wapumzike, na kando ya hiyo kuna utafiti, wanataka kujua kama ile mishindo ya mizinga ndiyo inaharibu ubongo, na wanaomba damu, maswali, na picha ya kichwa ndani ya mashine kubwa. Daktari Michelle alipomuuliza baba kama anakubali, alijibu, "Kanali akiamuru." Daktari akamgeukia mama, "Huyu Kanali ni nani?" Mama akaanza kukohoa. Yeye na ndugu yangu Eugene wananisukuma niamuru tu, wanaogopa tukikataa utafiti tutanyimwa hata muuguzi. Na kuna lingine linaniuma zaidi. Juzi baba alisimama mbele ya simu akasema, "Afande, naomba ruhusa. Nina binti yuko Uarabuni, sijamwona siku nyingi." Nikajibu, "Ombi lako litaangaliwa, Sajini," nikakata simu, nikaingia bafuni nikafungulia maji ili Hadijah asinisikie. Niamuru, Shangazi, ama nivue kofia?

Nyanchama, Al Thumama

*

Marahaba. Kanali, keti chini.

Nimecheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Kwa kuoga na dawa sikulaumu. Mgonjwa wa kusahau habishiwi. Ukimwambia vita vimekwisha utamtia hofu tu. Umeingia katika dunia yake ukamtoa akiwa msafi, Mungu akubariki. Ya cherehani ni utundu, na mama yako mwambie nimesema hivyo.

Lakini damu na kichwa cha mtu si soksi! Matunzo ni haki yake, kayatolea ujana wake. Utafiti ni ombi, na aliyeombwa ni yeye, wala si Kanali wa bandia. Akili ya baba yako inakuja na kwenda, lakini haijahama. Sajini akitii amri hajakubali kitu, ametii tu. Mwulize daktari waziwazi kama kukataa utafiti kunafunga kliniki, mkiri habari za Kanali, kisha aulizwe baba asubuhi akiwa ametulia. Na ruhusa mpe! Unamnyimaje mzee ruhusa ya kukuona wewe?

Wasomaji wangu, mambo haya hayakuweza kungoja gazeti, nikampigia Nyanchama nikamwambia hivyo hivyo. Alipoungama kwa Daktari Michelle, daktari alicheka, akasema kliniki haifungwi kwa mtu kukataa utafiti, wala hatachukua ndiyo iliyotolewa kwa amri. Ijumaa asubuhi Kanali akampa Sajini ruhusa, akakata simu. Akavua yunifomu, akavaa dera la Hadijah, akapiga tena.

"Wewe ni nani?" baba akauliza.

"Ni Nyanchama, baba."

Akamtazama sana. "Umekonda. Huko hawapiki?"

Wakazungumza mpaka chai ya mzee ikapoa. Kisha daktari, aliyekuwa ameketi kando yake, akamweleza utafiti polepole, mara mbili, pasipo kofia wala filimbi. Mzee akasikiliza, akanyoosha mkono. "Damu chukueni, vijana watafaidika. Maswali ulizeni, nikisahau jibu si kosa langu. Lakini ndani ya hilo bomba la mashine siingii, hata Kanali aje na jenerali wake!"

Umesikia, mwanangu? Huyo ndiye Sajini Onchiri, bado yumo. Daktari ameridhika, nawe ridhika. Asije mtu akampigia filimbi kwa habari ya ile mashine, na Eugene mwambie vivyo hivyo. Muuguzi ameshaanza kuja, mama yako analala mchana. Sasa wewe nenda kwa msimamizi wako kesho, uombe likizo ukamshike mkono baba yako kabla jina lako halijampotea. Akikukatalia, niletee jina lake. Na mimi nina sauti ya kikanali.