Breki za Kwenye Gemu

Shemeji Peterson,

Bwana asifiwe. Huko Nairobi mko salama, na presha yako imeshuka? Huku Molo ni baridi na viazi tu.

Ndugu yako anashukuru kwa gemu ya malori. Tangu ile ajali ya lori lako imkate mguu, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini jana alitupa rimoti.

"Mama Ndirangu, huu ni uongo! Mteremko kama wa Salgaa, nashuka na gia kubwa, breki nimekanyaga njia yote, na bado zinashika! Za kweli zingepata moto zikatae!"

Za lori lako hazikushika siku ile, na alikuwa amekuambia ni mbovu. Naomba Mungu nikusamehe, bado sijaweza. Sasa nasikia umelipaka rangi, na unataka mwanangu Ndirangu aliendeshe kwa sababu gemu anaiweza.

Breki je, umetengeneza? Tafadhali nijibu kabla hajapanda.

Shemeji yako,
Rahab