Wali wa Watoto Sitini

Jumatatu, 4 Julai

Nimepata kazi! Mpishi wa shule. Gayatri aliyepika miaka yote kavunjika nyonga, na kikao cha kijiji kimenipa mimi nafasi — mjane, mwenye mtoto pale pale shuleni. Hapa kijijini hakuna mtu wa tabaka letu aliyewahi kupika kwenye lile jiko. Sisi ni watu wa ngozi, baba yangu alichuna ng'ombe waliokufa hadi anakufa yeye; wa tabaka za juu hutuona najisi, hawali tulichokipika. Mama mkwe kacheka mpaka kakohoa. Eti nifurahi leo leo, kesho sijui. Mansi wangu, darasa la tano, anauliza kama nitavaa sare.

Jumanne, 5 Julai

Wali na dengu, watoto sitini. Bizari haikuzidi, dengu zimelainika vizuri. Wamekula kumi na mmoja. Wote wa mtaa wetu. Waliobaki wametoa vyombo vyao mikobani, chapati na achari za nyumbani, wakanipa mgongo. Hakuna aliyetukana. Gayatri walikuwa wakimwita shangazi. Mimi, katoto ka darasa la pili kameniambia, "We Ramkali, usipite karibu na chakula changu." Nikapita mbali. Nimejichukia kutwa nzima kwa kupita mbali.

Mansi amekula sahani mbili, mbele ya wote.

Alhamisi, 7 Julai

Mwalimu Mkuu Dubey kaniita ofisini. Mpole, hapandishi sauti.

"Dada, mimi binafsi sina neno. Wazazi ndio wagumu. Wewe chambua mchele, menya mboga, osha masufuria. Mke wangu atakuja tu kutia maji na kukoroga."

Nikamwuliza, mchele si nitakuwa nimeushika kwa mikono hii hii? Akasema nafaka kavu haina shida. Ikishaingia maji ndipo panapokuwa na mambo. Alinieleza taratibu, kama anafundisha hesabu. Digrii mbili anazo mtu huyu!

Nimekataa. Barua yangu ya kazi inasema mpishi. Nikarudi jikoni.

Jumatatu, 11 Julai

Sijui nani kapeleka habari mjini. Ofisa wa elimu kaja na mpiga picha. Kaketi chini na watoto, kala kwa mkono, kasifu chumvi. Na watoto wote sitini wamekula! Sufuria nimeikwangua. Mansi kakaa na rafiki yake Akshara, mjukuu wa Dubey, wanacheka midomo imejaa wali. Ofisa akawaambia walimu kwamba India ya leo si ile ya jana. Nikajifunika upindo wa sari, nikalia. Sikumbuki lini nililia kwa raha.

Jumanne, 12 Julai

Kumi na mmoja.

Akshara kamsimulia Mansi kila kitu. Jana alipofika kwao, bibi yake — mke wa Dubey, yule wa kukoroga — kamwogesha, kamnyunyizia maji matakatifu ya mto Ganga kumtakasa, kamlaza bila kula. Nyumba nyingi wamefanya hivyo hivyo. Nimemwaga wali kwa mbuzi. Nilikuwa mjinga jana. Bora hata yule ofisa asingekuja na gari lake.

Jumatano, 13 Julai

Kumi.

Nimehesabu tena. Kumi. Mansi yuko kwenye mstari wa Akshara, hana sahani. Nikamfuata, nikainama, nikamnong'oneza: kula, mwanangu, utashinda na njaa. Hakuniangalia. Wenzake wanamtazama.

"Ramkali, nimesema sitaki."

Jina langu. Mwanangu wa kumzaa. Nikarudi jikoni nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Sasa tuko nyumbani, jua bado lipo. Mama mkwe anajua, safari hii hacheki. Dubey kanitumia ujumbe kwamba kesho niende na ile barua yangu ya kazi, nimpe jibu la mwisho. Mansi kaketi hapa mbele yangu, anakula chapati nilizozikanda mimi, kwa maji, ya tatu hii. Shuleni nilikuwa Ramkali, hapa nimekuwa mama tena.

Anauliza, "Mama, kwani ukichambua mchele tu, kuna ubaya gani?"

 Amenyoosha mkono, anataka chapati nyingine.