Kitanda cha Jirani

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini tumbo limepoa kidogo. Mimi mzima wa mwili, ila roho haijatulia. Huku wodini daktari mkuu hapendi maswali. Ukimuuliza tu, anakubandika jina la "Profesa", na wenzako wanakucheka mpaka ukome. Wiki iliyopita muuguzi mwenzangu aliona mgonjwa anaandikiwa dawa inayomdhuru. Akanyamaza. Mzee wa watu aliponea chupuchupu. Mama, niseme?

Binti yako

10 Machi

Binti yangu,

Marahaba, mwanangu. Funga mdomo ufanye kazi. Ajira hiyo umeihangaikia, usije ukaitupa kwa kiherehere. Tumbo langu bado. Wamesema ni vijiwe kwenye nyongo, lazima nipasuliwe. Basi nakuja kwenu! Mtaa mzima nimeshautangazia kwamba nitauguzwa na mwanangu.

Mama yako

14 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole sana kwa maumivu. Nakusihi usije hapa. Nenda hospitali nyingine yoyote, hata iwe mbali.

Binti yako

20 Aprili

Binti yangu,

Hujambo? Mimi nimefika nyumbani salama na kidonda cha upasuaji kinafunga. Unajua mama yako mbishi, na sijutii kuja huko kwenu ulikonikataza. Ulisimama kando yangu ukauliza kila sindano, kila kidonge. Daktari akakuita Profesa, wakaangua kicheko, wala hukutetereka. Nilijivuna nusura mshono ufumuke.

Lakini yule mama wa kitanda cha jirani, aliyekuwa akinitania kwamba nakoroma kama trekta, hanitoki moyoni. Alikwambia kuna dawa ya sindano humvimbisha koo. Nilimsikia. Daktari alipoiagiza, ulimtazama, ukainamisha kichwa, ukamdunga. Wanawe walipokuja na nguo zake za kurudia nyumbani, waliambiwa amefariki, eti ugonjwa ulimzidi. Ulikuwepo. Nami nilikuwepo, nikanyamaza kama wewe, mimi niliyekuandikia ufunge mdomo.

Nakupenda, mwanangu, na nimekukasirikia, na naona aibu. Sikutaka uwe na mdomo kwa ajili yangu peke yangu. Nenda kwa wanawe uwaambie ukweli. Kisha simama mbele ya daktari na wenzako wote, useme tena, wacheke wasicheke. Wakikufukuza, njoo nyumbani. Chumba chako nimeshakifagia.

Mama yako